Mtori, machalari au kiburu: mshare upo jikoni, upike kipi?

Shimbonyi wapendwa. Desemba ikikaribia swali linakuwa lile lile, watu wanapanda mabasi kuja Moshi kuhesabiwa, ndio tunavyoita kurudi nyumbani mwisho wa mwaka, nyumba inajaa, mkungu wa mshare, ndizi yetu ya kupika, umeegemezwa ukutani na wewe mwenyeji unauangalia tu hujui uanzie wapi. Mwingine yuko Arusha, kaolewa na Mchaga, mawifi wanakuja Jumapili na anataka awapikie kitu cha kwao ila kila anayemuuliza anamwambia la kwake. Mwingine mdogo wake kajifungua juzi tu. Wote wanaishia kuuliza kitu kimoja, nipike mtori, machalari ama kiburu?

Mi nimekulia kwenye hizi sufuria tatu za ndizi za Kichaga na mpaka leo nazipika kila wiki, kwahiyo ntaziweka pembeni kwa pembeni kadri ninavyozijua. Na kabla hujanirukia, najua kila upande wa mlima Kilimanjaro una namna yake, wa Rombo anapika hivi wa Machame vile, ninachoandika ni kile ninachopika mimi na kinachokubali.

Tunaangalia nini

Tusilinganishe kwa utamu maana hapo hatutafika, utamu wa kila mtu ni ule wa kwa mama yake. Tuangalie mahitaji, namna ya kupika, muda na moto, gharama, kinavyokaa kikilala, na kinamfaa nani.

Ila kuna jambo moja ulishike kwanza. Ndizi ni ile ile, kinachobadilika ni unavyoitendea. Kwenye mtori unaiponda mpaka mtu asijue ilikuwa na umbo gani, kwenye machalari unailinda isivunjike, kwenye kiburu unaivuruga na maharage nusu imepondeka nusu bado ina mabonge. Makosa mengi ninayoyaona jikoni ni mtu kupika kimoja kwa mkono wa kingine, anakoroga machalari kama anasonga, au anaacha mtori na vipande halafu anashangaa mgonjwa hali.

Ndizi yenyewe na kuimenya

Zote tatu zinataka mshare uliokomaa na bado mbichi kabisa, ganda kijani bila unjano wowote. Moshi kwenye masoko ya Mbuyuni na Kiboriloni unapata kwa chane hata kwa mkungu, Arusha nenda soko la Kilombero, au Tengeru siku ya gulio Jumatano na Jumamosi. Ukikosa mshare chukua ndizi za Bukoba, zinafaa vizuri tu ila zinalainika haraka kwahiyo kwenye machalari usiende mbali na jiko. Mzuzu uache kwa kukaanga na kuchoma, kisukari ni ya kula mbivu.

Kumenya nilifundishwa na mama mkwe, nilipokwenda kwao mara ya kwanza kama mchumba. Alikaa kwenye kigoda, beseni la maji katikati ya miguu, akajipaka mafuta ya kupikia viganjani na mengine kwenye kisu. Akakata ncha zote mbili za ndizi, akapitisha ncha ya kisu kwa urefu kwenye ukingo mmoja, juu juu bila kuzamisha, akaingiza kidole gumba chini ya ganda akalisukuma pembeni na likatoka lote kwa mkupuo mmoja. Halafu akaikwangua kidogo ule utando unaobaki juu, maana ndio unaoleta weusi, akaitumbukiza kwenye maji yaliyokamuliwa limao. Mafuta ni kwa ajili ya utomvu, bila hayo mikono inakuwa myeusi siku mbili tatu, na ukidondokea nguo hautoki hata uifue vipi, kwahiyo vaa khanga ya jikoni. Maji ya limao yanazuia ndizi isiwe nyeusi kwa kukutana na hewa.

MTORI

Mahitaji kwa watu sita: nyama ya ng'ombe yenye mifupa kilo moja, mimi napenda kifua au mbavu, ndizi kumi na tano hivi, vitunguu maji viwili, kipande cha tangawizi, maziwa kikombe kimoja na nusu, siagi kijiko, chumvi. Karoti ukipenda.

Namna: chemsha nyama na kitunguu, tangawizi na chumvi kidogo mpaka iachie mfupa yenyewe. Toa mifupa yote, pitisha mkono kabisa uhakikishe, kuna vimfupa vidogo vya mbavu vinavyojificha na unaempikia anaweza kuwa mtoto au mzee. Tia ndizi kwenye supu hiyo hiyo, supu izifunike tu, chemsha dakika 25 mpaka 30. Ponda kwa mwiko zikiwa za moto bado, ukiacha zipoe zinagoma na utabaki na mabonge. Blenda mi siipendi hapa, ndizi ikizungushwa sana inakuwa kama gundi, inavutika, labda iwe ya mtoto mchanga anaeanza kula nayo uizungushe mara moja tu basi. Mwisho punguza moto, mimina maziwa na siagi, koroga taratibu dakika tano.

Maziwa yawe yamechemshwa kabla. Hasa haya tunayonunua kwa jirani mwenye ng'ombe, maziwa mabichi yanaweza kubeba brusela na ugonjwa huo huku kwetu upo.

Na limao lisiingie kwenye sufuria yenye maziwa, kila mtu akamulie kwenye bakuli lake. Hili limeniuma. Wifi yangu alivyojifungua mtoto wa kwanza nilipika mtori wa kumpelekea hospitali, nikakamulia limao ndani ili uwe na harufu nzuri halafu nikamimina maziwa yakiwa ya moto, yakakatika vipande vipande juu ya sufuria nzima. Ilikuwa saa mbili usiku, nyama imeisha buchani, na mzazi anasubiri chakula. Alikula uji siku ile na mimi sikulala vizuri.

Muda na moto: kwa sufuria ya kawaida weka saa mbili na nusu, nyama ndio inakula muda. Ukiwa na presha kuka nyama inalainika ndani ya dakika 40 hivi. Kwa mtori napendelea gesi kwasababu hatua ya mwisho inataka moto mdogo unaoweza kuupunguza hapo hapo, mkaa haukusikilizi na chini kunaungua.

Gharama: ya kati. Unaweza kununua mifupa yenye nyama kidogo ukapata ladha ile ile, maana utamu wa mtori uko kwenye supu.

Ukilala: unaganda kabisa, unakuwa kama ugali. Pasha kwa moto mdogo ukiongeza supu au maji ya moto huku unakoroga, na usimame mbali kidogo maana unaruka na ukikupata mkononi unaunguza vibaya. Kwa vile una maziwa na nyama usiuache mezani zaidi ya saa mbili, uingie frijini.

Unamfaa nani: kwanza kabisa mzazi, yaani aliyejifungua, kwetu huwezi kwenda kumwona mzazi ukasahau mtori. Mgonjwa anaerudisha nguvu, mzee asiyeweza kutafuna, mtoto kuanzia miezi sita (siku hiyo supu uichemshe bila chumvi, utie ukishamtolea wake). Mtu wa kuamka saa kumi na moja kwenda kazini pia, bakuli moja la mtori wa moto la asubuhi linakufikisha mchana. Mwenye sukari apime bakuli lake, wanga uliopondwa hivi unaingia mwilini haraka kuliko ndizi ya kutafuna.

MACHALARI

Mahitaji kwa watu sita: nyama kilo moja steki au mchanganyiko, ndizi ishirini, nyanya nne, vitunguu viwili, karoti mbili, hoho moja, kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, mafuta. Tui la nazi ni hiari na hapa ndipo watu wanapogombana. Wazee wa juu mlimani hawataki kusikia nazi kwenye machalari, nazi imepanda huku kutoka pwani, ila mjini wengi wanaweka na inapendeza. Mimi nikiwapikia wazee siweki, nikiwapikia watoto naweka.

Namna: chemsha nyama iive, weka supu yake pembeni. Kaanga kitunguu, tia saumu na tangawizi, tia nyama ishike rangi, halafu nyanya, na nyanya uzipike mpaka ziive kabisa na mafuta yajitenge. Usiharakishe hapo, uchachu wa nyanya mbichi unazuia ndizi kulainika, unakuta nje imeiva na katikati ina kiini kigumu. Panga ndizi juu, nzima au umezikata mara mbili, karoti na hoho juu yake, mimina supu ifike karibu na usawa wa ndizi za juu, funika. Dakika 20 mpaka 25 moto wa kati.

Mwiko weka mbali. Ukitaka kuchanganya shika sufuria masikio yake mawili kwa kitambaa uitikise mbele na nyuma, rojo litapanda lenyewe. Kujua kama zimeiva chomeka kisu, kiingie bila kubishana. Kama unaweka tui zito litie dakika tano za mwisho bila kufunika.

Muda na moto: saa moja na nusu inatosha, na nyama ukiichemsha jana yake basi ni dakika 40. Mkaa au gesi vyote sawa.

Gharama: ndio kubwa kuliko zote, nyama inaonekana kwenye sahani kwahiyo huwezi kuidanganya, halafu viungo na nazi juu yake. Mwezi ukiwa mgumu badilisha nyama kwa utumbo uliosafishwa vizuri, ni chakula kamili na wapo wanaoupenda kuliko steki.

Yakilala: hapa ndipo machalari yanashindwa. Ndizi zikipoa zinakuwa ngumu, rangi inafifia, na yenye tui yanachacha mapema. Pika ya kuliwa siku hiyo.

Yanamfaa nani: wageni. Sahani ya machalari inapendeza machoni, kila mtu anaona nyama yake, na hata mgeni ambaye hajawahi kula ndizi za kupika anaelewa anachokula. Yanamfaa pia anaepika ndizi kwa mara ya kwanza maishani, kuponda hakuna, magadi hakuna, makosa yake mengi yanarekebishika. Kwa mzazi wa siku mbili tatu au mwenye vidonda vya tumbo mi nisingechagua haya, nyanya nyingi na mafuta ya kukaangia vinaweza kumsumbua.

KIBURU

Mahitaji kwa watu sita: maharage nusu kilo, ndizi kumi na tano, kitunguu kimoja, chumvi, siagi au mafuta kidogo, na magadi ambayo ntayaongelea. Maharage ya njano yanaiva haraka zaidi. Lyamungo 90 na Selian 97 nazo ni nzuri, na hizi ni mbegu zilizotoka vituo vya utafiti vya huku huku kwetu, Lyamungo upande wa Kilimanjaro na Selian Arusha.

Namna: loweka maharage usiku kucha, asubuhi mwaga yale maji uweke mapya. Yachemke kwa nguvu dakika kumi za mwanzo, kabisa yanatokota, ndio upunguze moto. Maharage, hasa mekundu, yana sumu inayoharibika kwa moto mkali tu, ukiyaanzisha kwenye moto wa kubembeleza unaweza kuwatapisha watu ukasema ni ndizi. Yakishalainika panga ndizi juu yake, kitunguu, maji yafunike, dakika 30. Halafu chumvi, siagi, na uvuruge kwa mwiko, ponda hapa acha pale, kiwe kizito cha kushika kwenye kijiko lakini bado unaona ndizi na unaona harage. Nyanya au limao visiingie kabla maharage hayajaiva maana yatagoma kulainika mpaka jioni.

Muda na moto: ndicho kirefu ukihesabu na usiku wa kuloweka. Baada ya hapo maharage pekee saa moja mpaka moja na nusu. Halafu watu wengi hawajui hili, maji yanachemka kwa joto dogo kadri unavyopanda juu. Moshi mjini tuko kama mita 900 juu ya bahari na maji yanachemka kwenye nyuzi 97 hivi, Arusha mjini ni kama mita 1,400 na ni 95 na kidogo, sasa wewe uliyezoea kupika Dar ukija huku ukaona maharage hayaivi usidhani ni mabovu. Presha kuka inaondoa shida hiyo yote kwasababu ndani yake joto linapita 110. Ukiwa na mkaa ndio mahali pake hapa, unakoleza, unafunika, unaenda kufua.

Sasa magadi. Magadi yanalainisha maharage haraka na yanaleta ile ladha ambayo mzee akiikosa anasema hiki sio kiburu. Ni kweli. Lakini magadi yanaharibu vitamini B1 ya kwenye maharage, yakizidi chakula kinanuka sabuni, na kubwa kuliko hayo yote ni floraidi, madini yaliyomo ndani yake. Ukanda wetu huu maji yenyewe yana floraidi, hasa kuzunguka Mlima Meru, na tafiti zilizofanyika Arusha na Kilimanjaro zimehusisha magadi na meno ya watoto yenye madoa ya kahawia. Floraidi haiondoki kwa kuchemsha. Mtoto chini ya miaka minane meno yake ya ukubwani bado yanajengeka ndani ya fizi, na akishapata yale madoa anatembea nayo maisha yake yote, nimeona binti mzuri anacheka kaziba mdomo kwa kiganja na roho inaniuma kwasababu hakuna aliyemwambia mama yake. Kwahiyo nyumba yenye watoto mi sitii magadi kabisa, naloweka kwa muda wa saa 12 na natumia presha kuka, kinalainika vizuri tu. Wakija wazee peke yao naweka kipande kidogo kama punje ya harage, nakiyeyusha kwenye maji, naacha tope litulie chini na kumimina maji ya juu tu kwenye sufuria.

Gharama: ndogo kuliko zote. Nusu kilo ya maharage na ndizi kumi na tano, watu sita wameshiba.

Kikilala: hapa kiburu kinawashinda wenzake wote. Hakina nyama, kama hukutia maziwa kinalala frijini siku mbili bila shida na kesho yake ladha imekolea zaidi, kipande cha kiburu kilichopashwa kwenye kikaango na siagi kidogo pamoja na chai ya maziwa ni kifungua kinywa ambacho sijachoka nacho mpaka leo.

Kinamfaa nani: siku za Kwaresma na Ijumaa ambazo watu hawali nyama, mwanafunzi anaepika mara moja ale siku mbili, mwisho wa mwezi, na asiyekula nyama. Mwenye tumbo linalojaa gesi ale kidogo. Mwenye presha asile chenye magadi, ni chumvichumvi ile ile ya sodiamu, na mwenye matatizo ya figo aongee na daktari wake kabla ya hizi sufuria zote tatu maana ndizi ina potasiamu nyingi.

Sasa hali yako ni ipi

Unaenda kumwona mzazi, pika mtori, bila pilipili, na ubebe kwenye chupa ya chai ya mdomo mpana ili ufike wa moto. Limao libebe pembeni halijakatwa.

Mawifi wanakuja Jumapili na hujawahi kupika ndizi, machalari. Chemsha nyama Jumamosi jioni ili Jumapili ukitoka kanisani ubaki na ndizi tu. Uliza kwanza kama nyumba hiyo wanakula nazi.

Uko peke yako umepanga chumba Kijenge au Pasua, jiko ni moja na pesa ni ya kuhesabu, kiburu cha Jumapili kikufikishe Jumanne asubuhi.

Una mgonjwa na una watoto wanaotaka kutafuna kwenye nyumba moja, chemsha nyama na ndizi kwenye sufuria moja, toa nusu uiponde na maziwa iwe mtori wa mgonjwa, nusu iliyobaki itie kwenye rojo la nyanya ulilokaanga pembeni. Nimefanya hivi mara nyingi, haichukui hata nusu saa ya ziada.

Na kama ni Desemba watu wako ishirini, usijaribu mtori wa watu ishirini, mkono hautakubali kuponda na chini utaungua kabla hujamaliza. Weka machalari sufuria kubwa nje kwenye mafiga, na kiburu sufuria ya kati kilichopikwa usiku wa kuamkia Krismasi kwa ajili ya wazee na kwa ajili ya asubuhi. Maharage yalowekwe tarehe 23 jioni, ndizi zimenywe na watu wanne kwa pamoja, na mafuta ya mikono yawekwe kwenye kisahani katikati ya mabeseni kabla mtu wa kwanza hajashika kisu.